Jinsi ya Kutengeneza Shanga za Makombe kwa Zana za Watu wa Kale: Mwongozo Kamili kutoka Lamu

Katika magofu ya miji ya kwanza ya mwambao wetu, wanaakiolojia hukuta mara kwa mara kigae cha chungu chenye mfuo mmoja au zaidi juu yake, uliolika na kulainika ndani kana kwamba kidole kilipitishwa humo kwa miaka mingi. Vigae vya namna hiyo vimepatikana Shanga, katika kisiwa cha Pate, ambako Mark Horton alichimbua katika miaka ya 1980, na vimepatikana pia Tumbe, katika kisiwa cha Pemba. Hizo zilikuwa tupa za watengenezaji shanga. Vipande vya kombe vilitungwa kwenye uzi, vikalazwa ndani ya mfuo, vikasuguliwa mbele na nyuma mpaka vyote vikawa duara za kipimo kimoja, na chungu kilichokwisha kazi jikoni kikapata kazi ya pili.

Mwongozo huu unaeleza kazi hiyo tangu kuchagua kombe hadi kutunga uzi, kwa zana ambazo mkazi wa Shanga wa karne ya 8 asingezishangaa. Nimeifanya mwenyewe hapa Lamu, na kosa langu la kwanza ndilo lililonifundisha zaidi. Nilidhani kwamba ushanga huviringwa kwanza, kisha hutobolewa. Nikaketi asubuhi nzima nikavisugua vipande 20 kimoja kimoja mpaka vikapendeza, halafu nikaanza kuvitoboa, na vipande 13 vikapasuka mkononi. Watu wa kale walifanya kinyume chake: walitoboa kipande kikiwa bado kibaya, chenye kingo za ovyo, kwa sababu kutoboa ndiko kunakovunja, na hakuna hasara kubwa kuvunja kitu ambacho hakijatolewa jasho. Msomaji akisahau mengine yote, asiusahau mpangilio huo: pasua, toboa, tunga, ndipo usugue.

Ukale wa kazi yenyewe

Shanga za makombe zilikuwapo kabla ya miji, kabla ya kilimo na kabla ya vyungu. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, yamepatikana makombe madogo zaidi ya 40 yaliyotobolewa na kuvaliwa miaka ipatayo 75,000 iliyopita, na baadhi yake yana alama za udongo mwekundu. Karibu na kwetu zaidi, katika pango la Panga ya Saidi lililoko Kaunti ya Kilifi, umepatikana ushanga wa kombe wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Hao walitumia kombe zima, au ncha yake, wakalitia tundu tu. Ushanga wa duara uliosuguliwa kutoka kipande cha kombe unahitaji zana nyingi zaidi na subira ndefu zaidi, na huo ndio tutakaoutengeneza.

Kuchagua makombe

Kombe linalofaa ni lile nene la chaza wa matopeni, mwenye mifereji mgongoni iliyopangika kama bati la nyumba, anayechimbwa na akina mama maji yakitoka na kupikwa kwa nazi. Omba makombe matupu baada ya mlo, makumi mawili yatosha kwa uzi mmoja wa mkononi. Hiyo ndiyo njia safi kuliko zote, kwa kuwa hakuna kiumbe anayeuawa kwa ajili ya pambo na hakuna anayeulizwa ruhusa. Mwenye kukaa Malindi akumbuke kwamba ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuokota hata kombe tupu.

Makombe yaliyopauka ufukweni kwa jua na chumvi huonekana meupe na mazuri, lakini yamekwisha nguvu na hukatika kama biskuti. Jaribu kwa kugonganisha mawili: kombe zima hulia kwa mlio mkali mfano wa kikombe cha kauri, na lililochoka hutoa mlio mzito usio na mwangwi. Tazama pia unene wake katikati ya tumbo, usipungue milimita 3. Lichemshe kidogo ili mabaki ya nyama yatoke, kisha likaushe kivulini. Usilitie motoni kwa nia ya kulikausha haraka au kulibadilisha rangi, kwa kuwa kombe ni jamaa ya tumbawe, na watu wa Lamu wanajua fika tumbawe hugeuka nini likichomwa: moto mwingi huligeuza chokaa.

Jiwe, mchanga na kigae

Hapa pana jambo ambalo mgeni hulipuuza. Visiwa vyetu ni vya matumbawe na mchanga, wala havina jiwe gumu. Nyumba, misikiti na kuta za Mji wa Kale zimejengwa kwa jiwe la tumbawe, na tumbawe kwa asili yake ni chokaa ile ile iliyomo ndani ya kombe. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kuanzia 1 hadi 10, vyote viwili huwa kati ya 3 na 4. Ukisugua kombe kwenye tumbawe, vitu viwili vyenye ugumu mmoja vinalana polepole, na jiwe linakwisha pamoja na ushanga. Kinachokata kombe barabara ni chembe za kwatzi, yaani lile jiwe jeupe la kung'aa kama kioo, ambalo ugumu wake ni 7.

Mkazi wa kisiwa asiye na mwamba wa kwatzi alizipata chembe zake ndani ya chungu. Mfinyanzi huchanganya mchanga katika udongo ili chungu kisipasuke motoni, na chungu kikivunjika, kila kigae chake huwa ni msasa uliookwa tayari. Nauona huu kuwa uvumbuzi mkubwa kuliko unavyosifiwa.

Tafuta basi kigae cha chungu cha siku hizi kilichovunjika, kikubwa kama kiganja, kinachokwaruza ukikipitishia ukucha. Usiokote vigae katika magofu ya Shanga, Takwa, Manda au Gede, hasa vile vya zamani vilivyochorwa pembetatu begani, hata kama vimelala juu ya ardhi na hakuna mlinzi anayekuona. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inavilinda, na kigae kilichoondolewa mahali pake hakiwezi tena kumwambia mtafiti chochote kuhusu umri wa tabaka kilimokuwa.

Unahitaji pia konzi chache za mchanga wa kuongezea makali. Mchanga wa ufukweni si wa namna moja: upo ulio kwatzi, na upo ulio vipande vya makombe na matumbawe yaliyosagika, ambao hautasaidia kitu. Weka kidogo juu ya kisahani na uudondoshee maji ya ndimu au siki. Ukitoa mapovu, ni wa makombe, uutupe. Ukinyamaza, ni mgumu, uuchunge kwa kitambaa na uuhifadhi.

Mwisho, pata mawe mawili: moja pana la kuwekea na jingine la mviringo, lenye kujaa kati ya vidole vitatu, la kugongea. Kwa kazi hii tu, hata tumbawe gumu linafaa.

Keekee na viungo vyake

Zana ya kutobolea ni keekee ya uta, na msomaji wa Lamu ana bahati, kwa kuwa zana hii haikuhitaji kufufuliwa kutoka vitabuni. Mafundi wa majahazi wameitumia kutobolea mbao kabla ya kupigilia misumari, na majina ya viungo vyake yamo katika lugha. Chuma chenyewe ndicho keekee, mti unaoshika chuma ni msukano, kishikio cha juu ambacho msukano huzunguka ndani yake ni jivu, na kinachouzungusha ni uta. Jivu hilo halihusiani na jivu la jikoni, ingawa nalo tutalihitaji baadaye.

Katika kaburi la waziri Rekhmire huko Thebes, Misri, lililochorwa katika karne ya 15 kabla ya Kristo, yumo fundi wa shanga aliyeketi na uta mmoja unaozungusha keekee kadhaa kwa mkupuo. Mtu wa Matondoni, kijiji cha wajenzi wa majahazi hapa Lamu, akiitazama picha hiyo hahitaji kufafanuliwa kinachofanyika.

Kwa msukano, chonga mti mgumu ulionyooka, wenye urefu wa sentimita 25 na unene wa kidole gumba, na uchongoe ncha ya juu iwe butu na laini. Kwa jivu, kata kokwa ya mkoma, ambao mahali pengine huitwa mkoche, uichimbe katikati kishimo cha kupokea ncha hiyo. Mafundi wa Misri ya kale walitumia kokwa ya mti wa jamaa hiyo hiyo kwa kazi hiyo hiyo, na ukiishika utaelewa sababu: ni ngumu, haichaniki, na inaenea kiganjani. Tia tone la mafuta ya nazi ndani ya kishimo. Uta uwe tawi la mpera lenye urefu wa nusu mita, lililopinda kidogo, na ugwe wake uwe kamba ya katani iliyosokotwa vizuri au ukanda mwembamba wa ngozi. Ugwe usikazwe kama wa upinde wa mshale. Uache ulegee kiasi cha kuuzungusha msukano mara moja, na ukishazungushwa ndipo ukaze.

Kwa chuma, kata kichwa cha msumari wa inchi 3, ponda ncha yake iwe bapa, na uinoe pande mbili mfano wa mkuki mdogo wenye upana wa milimita 2. Fungua tundu katika mwisho wa msukano, pigilia mkia wa msumari humo, na ukaze kwa uzi uliopakwa nta. Mwenye kutaka kwenda nyuma zaidi anaweza kufunga kibanzi cha kwatzi badala ya chuma, lakini mimi sioni udanganyifu wowote katika msumari: mabaki ya ufuaji wa chuma yamepatikana katika maeneo mengi ya mwambao ya karne ya 8 na ya 9.

Kupasua na kupunguza

Lilaze kombe juu ya jiwe pana, tumbo likielekea chini, na uligonge mgongoni karibu na ukingo kwa pigo fupi. Usilipige kwa hasira. Pigo kubwa moja hutoa unga na vibanzi, ilhali mapigo matatu madogo mahali pamoja hutoa ufa unaofuata mifereji. Chagua vipande vyenye upana wa sentimita 1 hadi 1.5 na vilivyo bapa kadiri inavyowezekana. Sehemu ya bawaba na sehemu iliyopinda sana zitupe, hazitakulipa.

Kisha shika kipande kimoja kwa vidole viwili, kiegemeze kwenye ukingo wa jiwe, na umege pembe zake kwa kokoto ndogo mpaka kifanane na duara kwa mbali. Kwa mbali tu. Hapa ndipo mikono ya wengi hutamani kuendelea kupamba, na hapa ndipo pa kuizuia. Vaa miwani, au angalau ugeuze uso, maana vibanzi vya kombe huruka na kukata.

Kutoboa

Chimba katika kibao kishimo chenye kina cha nusu ya kipande, kijaze nta ya nyuki iliyolainishwa juani, na ukikandamize kipande humo, upande wa ndani ukitazama juu. Upande huo una bonde dogo linaloizuia ncha isiteleze. Weka alama katikati kwa ngeu, ule udongo mwekundu wa maseremala, dondosha tone la maji, simamisha keekee, na uanze kuvuta uta mbele na nyuma kwa urefu wake wote.

Nilipokuwa nikijifunza, nilikwenda Matondoni kwa mzee mmoja aliyejenga majahazi ujana wake wote. Alinitazama kwa muda nikililalia jivu kwa uzito wa bega langu, vumbi likitoka kidogo na msukano ukikwama kila mara, kisha akaniuliza, “Mwanangu, mbona waukaba?” Nikamjibu, “Fundi, nikilegeza haukati.” Akaweka vidole viwili tu juu ya jivu, akaivuta uta kwa mkono mwingine bila haraka, na keekee ikaanza kulia mlio mwembamba usiokatika, kama wa kinda la ndege. Akasema nisikilize huo, niache kutazama tundu. Tangu siku hiyo nimetoboa kwa masikio. Mlio mwembamba maana yake ncha inakata, mlio mzito maana yake ni butu au vumbi limejaa, na mlio ukikatika ghafla, umekaribia kutokea upande wa pili.

Lakini usiache itokee upande wa pili. Ukifika nusu ya unene, kitoe kipande kwenye nta, kigeuze, tafuta mahali panapolingana, na utoboe kutoka huko mpaka matundu mawili yakutane. Ncha inayotokea kwa nguvu hubandua kigaga upande wa pili na kukipasua kipande. Shanga nyingi za kale, ukizitazama kwa kioo cha kukuzia, zina tundu lililo pana pande zote mbili na jembamba katikati, na sababu ndiyo hiyo. Osha tundu kwa maji kila baada ya mivuto 20 hivi, na unoe ncha kila baada ya matundu manne au matano, kwa kuwa chuma cha msumari hakikizidi kombe sana kwa ugumu.

Hesabu hasara mapema. Mwenye mkono mpya atapoteza kipande kimoja katika kila vitatu, kwa hiyo mwenye kutaka shanga 30 aandae vipande 45.

Kusugua ndani ya mfuo

Sawazisha kwanza nyuso mbili za kila kipande kwa kukizungusha chini ya kidole juu ya sehemu bapa ya kigae, pamoja na maji na mchanga kidogo, mpaka kisicheze ukikilaza mezani. Vipande visivyo sawa nyuso zake vikitungwa pamoja hufanya uzi uliopinda, na uzi uliopinda hausuguliki.

Sasa anzisha mfuo. Kwaruza kigae kwa ukingo wa jiwe au kwa pembe ya kigae kingine, kwa mstari ulionyooka wenye urefu wa sentimita 8 au 10, mpaka upate mfereji wenye kina cha milimita 2. Shanga zenyewe zitaumaliza. Tunga vipande 15 hadi 20 kwenye uzi wa ukindu uliosokotwa mara mbili na kuloweshwa, vibane visiachane hata kidogo, na ufunge kifundo kikubwa kila mwisho. Huo mkufu mgumu wenye miiba ndio utakaoulaza ndani ya mfuo.

Shika ncha mbili za uzi kwa mikono miwili, uvute ukaze, na usugue mbele na nyuma huku ukiuviringisha kidogo kwa kila mpito, ili upande mmoja usilike kuliko mwingine. Dumisha maji. Vumbi la kombe likikauka na kuruka huingia kifuani na hudhuru mapafu, hivyo kazi hii haifanywi kavu hata siku moja, na mwenye pumu afunge kitambaa puani juu ya hayo. Mwanzoni utahisi mkwaruzo na mshtuko kila pembe inapokwama. Baada ya nusu saa mkwaruzo unakuwa mvumo, na ukipitisha kidole juu ya mkufu unakuta umeanza kuwa bomba. Kwangu mimi uzi wa shanga 20 huchukua asubuhi mbili, mpaka zifikie upana wa milimita 7. Uzi ukilika na kukatika katikati ya kazi, kusanya, tunga upya na uendelee, kwani hutokea kwa kila mtu.

Kung'arisha na kutunga

Sehemu hii ni fupi. Oshea shanga mchanga wote, zikiwa bado kwenye uzi, kisha uzisugue kwa kipande cha ngozi kilichotiwa maji na jivu la jikoni lililochungwa. Kombe hung'aa kwa weupe wa maziwa wenye mistari hafifu. Zipake mafuta ya nazi na uyafute. Anayependa anaweza kusaga ngeu, kuichanganya na mafuta na kuipaka kingoni, kama ule wekundu uliobaki kwenye makombe ya Blombos, ila rangi hiyo itahamia kwenye nguo, hasa kanzu nyeupe.

Kwa uzi wa kuvaa, katani nyembamba iliyopakwa nta hudumu kuliko ukindu. Tenganisha shanga kwa kifundo kila baada ya tano ili uzi ukikatika barabarani zisimwagike zote.

Kigae nacho kihifadhi. Kila uzi unaosuguliwa huuongezea mfuo kina, na mfuo ukizidi nusu ya upana wa ushanga, kuta zake huanza kubana, shanga haziviringiki tena na hutoka na umbo la yai. Hapo acha mfuo huo na uanzishe mwingine sambamba nao, pembeni kidogo. Changu kina mitatu sasa, na ukikiweka kando ya picha ya vile vilivyochimbuliwa Shanga, ambavyo vingine navyo vina mifuo zaidi ya mmoja, itakubidi utazame ukingo wake kwa makini kujua kwamba hiki kilitoka kwenye chungu kilichovunjika jikoni mwetu mwaka jana.